Soketi Nyuma ya Kabati

Nyumbani kwa wazazi,
Meza ya jikoni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye, maana nakujua: ukiona bahasha nene unaanza kusoma kutoka mwisho. Leo usifanye hivyo, nakuomba. Hujambo? Kile kifua kimeacha kukusumbua, au bado unakohoa kila baridi ikipiga? Wifi yangu je? Na yule mwanangu ambaye namjua kwa picha tu, meno ya mbele yameshaota? Mwambie shangazi yake anauliza, na anataka jibu.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama leo zima kesho bovu, ndiyo maana nimekuja kukaa nao miezi hii miwili, na shemeji yako nimemwachia jiko ajifunze. Baba mzima. Anakwenda kwa kinyozi kila Ijumaa asubuhi, ingawa nywele zenyewe zimebaki za kuhesabika. Nadhani anafuata mazungumzo.

Haya ningekwambia kwa simu, lakini kwenye simu nikimtaja Baba, mtandao wako huwa unaharibika palepale. Barua haikatiki. Kaa chini usome.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye pasi. Sheria ya nyumba hii unaikumbuka: kitu kikifa, hakifunguliwi. Tangu ile redio ya Baba izime mikononi mwako, kila kilichozima kinawekwa mlangoni kingoje gari la taka. Na msemo tukaupata: mtu akishika bisibisi tu, anaambiwa, "Usije ukaifanya redio." Siku hizi hata majirani wanausema, wala hawajui ulikotoka.

Basi wiki yangu ya kwanza hapa pasi ikagoma. Baba akaiweka mlangoni. Sasa mimi, kiherehere changu si unakijua? Nikajiuliza, hivi kitu kinakufaje? Jana kilikuwa kizima, hakijaanguka, hakijalowa, kimekufa kwa ugonjwa gani? Nikaingia nayo jikoni nikafungua plagi kwa ncha ya kisu. Ndani mna nyaya tatu, na mmoja umechomoka kwenye skrubu yake. Basi, ndio ugonjwa wote. Nikaurudisha, nikakaza, pasi ikapata moto.

Kugeuka, Mama yuko mlangoni. Nikangoja nisomewe mashtaka. Alikwenda chumbani akichechemea, akainama uvunguni mwa kitanda, akaanza kuvuta maboksi. Birika la umeme, taa ya mezani, saa ya ukutani, sufuria lililokatika mkono, mwavuli, blenda. Vitu ambavyo sote tulijua vilishakwenda jalalani. Kumbe kila Baba akiweka kitu mlangoni, Mama alikuwa anakirudisha ndani kwa mlango wa nyuma. Nikamuuliza alikuwa anaviweka vya nini. Akanijibu kwamba hakujua, ila kutupa kitu bila kujua kimekufa na nini kulimkaa vibaya.

Basi tukawa na kazi yetu ya siri. Baba akitoka, sisi tunafungua. Siwezi kukueleza raha yake. Birika lilikuwa limeganda chumvi ya maji chini, nikalichemsha na ndimu likapona. Saa ilikuwa na mende mkavu katikati ya magurudumu. Mwavuli nimeushona ubavu kwa uzi wa viatu. Blenda imenishinda, nakiri, lakini bakuli lake Mama anawekea vitunguu.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika. Ijumaa, Baba alipokwenda kwa kinyozi, Mama akasema tutazame lile kabati la vyombo sebuleni, linayumba, huenda mchwa wameula mguu mmoja. Unakumbuka lilikuja lini. Mama alilisukuma pale baada ya wewe kuondoka, palepale ilipokuwa meza ya redio, ili Baba asiwe anatazama ukuta mtupu. Tukatoa vyombo, tukalivuta. Nyuma yake kuna soketi. Nilikuwa nimeshasahau kama ipo.

Nikachomeka pasi niijaribu. Kimya. Nikajua nimeiua, na la kwanza lililonitoka mdomoni ni hilohilo: "Nimeifanya redio." Nikaipeleka jikoni, ikawaka. Nikairudisha sebuleni, kimya. Basi mgonjwa hakuwa pasi, alikuwa ukuta.

Nikamwita fundi umeme wa mtaa wa nyuma, yule wanayemwita Shoti. Akafungua soketi, akapiga tochi. Waya mmoja ulikuwa umeachia, na ncha yake nyeusi kama mkaa. Akasema huo haukukatika mara moja, ulilegea siku nyingi, ukawa unagusa na kuachia. Kisha akaniuliza pale palikuwa pamechomekwa nini. Nikamwambia redio. Akauliza, "Kabla haijazima, ilikuwa inakwaruza na kukatikakatika?"

Mdogo wangu, si ndiyo sababu uliifungua? Si ulisema inakwaruza, ngoja niisafishe?

Mama akakaa kwenye kiti. Mimi nikapanda juu ya kabati la nguo la Baba, nikalishusha lile sanduku la redio tusiloruhusiwa kuligusa, nikafungua shuka aliyoifungia. Nikaichomeka redio jikoni. Ilinguruma kidogo, ikanuka vumbi, halafu mtu akaanza kusoma habari, sauti safi kabisa. Fundi Shoti akaigeuza nyuma, akazitazama skrubu, zote zipo, zimekazwa sawasawa. Akasema aliyeifungua hii alikuwa na mkono mwema.

Haikuwa imekufa. Haikufa hata siku moja. Ulipoichomeka baada ya kuisafisha, waya wa ukutani ukaachia jumla, na hakuna aliyefikiri kuipeleka chumba kingine, kwa sababu Baba alishasema imekufa. Miaka kumi na tisa tumeizika redio nzima. Na wewe ukasimamishwa mbele ya wageni, kijana wa miaka ishirini na mbili, ukaambiwa mkono wako hauna baraka na usiguse tena kitu cha nyumba hii.

Mama hakutaka tumwambie. Alisema majuto ni mjukuu, sawa, lakini mzee ana presha, na mwenyewe hajawahi kumsikia akikiri kosa. Tukabishana, mimi na yeye, kwa kunong'ona, na nyumba nzima hamna mtu. Nikamwambia Mama, huyu mtoto aliniambia mwaka juzi kwamba kwake hata balbu anabadilisha mkewe. Alikuwa anafungua kila kitu, huyu, na sasa hajiamini hata kwa balbu. Presha ya Baba tutaitibu. Hiyo ya mwanawe nani anaitibu? Mama akalia, kisha akanisaidia kuibeba.

Fundi Shoti alikuwa ameshakaza ile soketi na kwenda zake. Tukaiweka redio pale pale pa zamani, tukaiwasha, tukakaa.

Baba aliingia na viatu. Wewe unajua maana yake, mtu anayetukemea kwa punje ya mchanga. Akasimama anaisikiliza. Akauliza nani ameitengeneza. Nikamjibu hakuna, haikuwa imeharibika, ilikuwa soketi. Nikamweleza yote, na lile la balbu pia. Akapiga magoti pale ukutani, akaweka kidole kwenye soketi kama anayeipima homa, akauliza miaka mingapi. Mama akamwambia. Akazima redio, akaenda chumbani. Hakula mchana, hakula jioni. Jana kutwa alikaa uani peke yake, na sisi tunapishana mlangoni tukimchungulia.

Kabla sijaendelea, nina langu. Ule msemo wa redio, mimi ndiye niliyeuanza. Niliusema siku moja mezani, watu wakacheka, nikaona raha, nikaurudia mpaka kwenye harusi yangu, na wewe umekaa pale. Ulicheka pamoja nasi. Nimeanza kujiuliza juzi tu kicheko kile kilikugharimu nini. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa dada yako, nami nilikutania kwa jambo ambalo hata sikulichunguza, mimi ninayejifanya mdadisi.

Na bado najiuliza mengine. Je, hukuwahi kushuku ile soketi? Au ulishuku, ukaona hakuna wa kukusikiliza? Niambie, nataka kujua, hata kama jibu litaniuma.

Leo asubuhi Baba amekuja hapa mezani, amenikuta naandika. Akauliza kama namwandikia wewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kurasa zimejaa. Nikamwambia nitamwachia nafasi chini. Amekaa upande wa pili wa meza, anachonga penseli kwa kile kisu changu, na ameshaivunja ncha mara mbili. Sitasoma atakachoandika, ingawa unajua nitakavyoteseka.

Nisalimie wifi sana, na mwanangu umbusu kwenye mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, anasema ule, kwenye picha umekonda. Shemeji yako anakusalimu kutoka kwenye jiko lake. Fundi Shoti naye, ambaye hakujui, amesema nikufikishie salamu za fundi kwa fundi. Mungu akulinde uendako na urudiko, na mikono yako aizidishie heri.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Kiherehere.

*

Mwanangu,

Nilikosa. Nilisema imekufa, sikuitazama, na nilikuadhibu mbele za watu. Dada yako ameniambia habari ya balbu. Hiyo ndiyo imeninyima usingizi, si redio. Maneno niliyokwambia siku ile nayafuta. Mkono wako una baraka zangu zote.

Feni ya chumbani kwetu imesimama tangu jana. Dada yako anaitolea macho, nimemkataza asiiguse. Nataka uje uifungue wewe. Usiharakishe kama kazi inakubana. Joto nitalivumilia.

Baba yako.