Siku Mbili Nilizoziita za Kawaida

Mkata, Handeni
14 Mei 2024

Mpendwa mpwa wangu Elisha,

Habari za Dodoma, na ule mgongo uliokusumbua tangu Pasaka? Huku nyumbani wote wazima, ila mimi usingizi umenihama.

Unajua nilipata, kwa mkono wako, kazi ya siku mbili ya kuhesabu wasafiri pale njia panda ya Mashewa. Kila aliyepita nilimwuliza safari yake imeanzia wapi na inaishia wapi, nikaandika. Sasa karatasi zangu ziko mezani kwako, ofisini mnakopanga barabara, na namba zake zimo ndani ya lile jedwali la maeneo ya kutoka na maeneo ya kwenda.

Kisanduku cha Mashewa kwenda Korogwe kina watu kumi na mmoja. Namba hiyo haisemi kweli, Elisha. Siku zile tulikuwa tunamzika binamu yangu Mhina, na kwetu hashiki mtu jembe wala haendi gulioni mpaka matanga yaanuliwe. Walioingia Mashewa ni mia mbili na kumi na nne, waombolezaji watupu.

Karatasi iliuliza kama siku hiyo ni ya kawaida. Nikaweka alama ya ndiyo. Tangu nihame, miaka thelathini na minane, sifiki Mashewa ila kwa msiba. Barabara ile siijui ikiwa na watu wengine.

Jana msimamizi wetu, Laurenti, alinipigia kuniambia kwamba kwa makadirio ya mwaka mzima wasafiri ni wachache mno, hivyo daraja lililokusudiwa kujengwa Mashewa linaondolewa kwenye mpango. Nikamweleza kosa langu. Akasema, "Mzee Ponsiano, sahihi ni yako. Ukiikana, atakayeulizwa ni mpwa wako."

Masika haya Faudhia, binti wa marehemu, alivushwa mtoni akiwa na uchungu, amebebwa juu ya kitanda, maji yakiwafika wanaume kifuani. Mtoto alipona. Nimekaa na hilo tangu jana.

Jedwali linafungwa Ijumaa. Usikisie namba ili kunisitiri, wala usiseme kanuni zenu za hesabu zitarekebisha. Kanuni hukuza kile ilichopewa. Kiache kisanduku wazi, wakahesabu upya siku ya gulio.

Bahasha hii inakuja na basi la asubuhi. Ndani yake kuna barua nyingine, ya mkuu wako. Mpe kikaoni, mbele ya wenzako. Nimekiri kosa, na nimeandika wazi kwamba mimi ni mjomba wako.

Nisalimie Catherine na mama mkwe wako Emiliana. Mungu akutie nguvu ya kuingia chumba kile.

Mjomba wako, akupendaye hata ukinikasirikia,
Ponsiano