Miguu Uliyorithi Kwangu

Binti yangu mpendwa,

Hapa hatujambo. Mama yako ameondoa lile pazia la kijani, sasa sebule ina mwanga. Kwenye kibanda chetu cha udobi tumenunua pasi mpya. Ile kuukuu ilichoma shati la mwalimu, tukaomba radhi mpaka midomo ikakauka.

Mimi kifundo cha mguu kilivimba, nikashindwa kusimama. Daktari aliulowesha mguu wangu, akanikanyagisha karatasi. Unyayo ulijichora wote, bila lile pengo la katikati.

"Mzee, una nyayo bapa," akasema. "Wengine huzaliwa nazo. Kusimama miaka thelathini kwenye saruji kumezidisha."

Amenipa soli za kuinua unyayo. Kila asubuhi nabingirisha chupa chini ya mguu, kisha nasimama kwa vidole nikiwa nimeshika meza. Mama yako hunicheka, halafu hunishika mkono.

Daktari akauliza, "Una mtoto mwenye miguu kama hii?" Nikasema ninaye mmoja. Sikumwambia kwamba nilimwita mvivu mbele ya wateja kila alipokaa, mpaka akafunga virago.

Najua maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nenda ukapimwe, mwanangu, na uvae viatu vinavyoshika kisigino.

Nilitaka kuandika kwamba sikujua. Lakini uliniambia, "Baba, miguu inaniuma," nami nikakuongezea mashuka ya kupiga pasi. Nisamehe.

Ni mimi, baba yako.