Nazi ya Jamnu

Jumatano, 4 Novemba

Mikono imejaa unga, chapati iko kwenye chuma, simu ikalia. Bi Zuwena, kutoka Unguja, jirani wa shemegi yangu Jamnu.

"Bi Kanta, Jamnu katutoka alfajiri. Wahindu wenziwe wameshamchoma maiti mchana huu."

Nikasema ahsante. Ahsante! Kama nimeletewa mboga.

Chapati imeungua. Mume wangu, Baba Kirit, yuko juu, amelala. Juzijuzi tu moyo ulimlaza hospitali, na daktari kasema asipewe mshtuko. Jamnu, aliyekuwa akiugua siku nyingi, ndiye nduguye wa pekee. Sisi tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, tukaja huku kwa Waingereza, Jamnu akasema yeye haendi popote. Simwambii. Si leo.

Alhamisi, 5 Novemba

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumba hii hakuna akisomaye ila mimi. Mwanangu Kirit anakisikia tu. Baba yake alisoma Kigujarati.

Taa ya miungu sikuiwasha. Kwetu sisi Wahindu aliyefiwa ana sutaki: haingii hekaluni, hagusi miungu wala vitu vyao, mpaka siku za msiba ziishe. Lakini sutaki humshika mtu tangu habari inapomfikia. Mimi imenishika. Wao bado. Nimemwambia Kirit awashe yeye, mgongo unaniuma.

Jioni fataki mtaa mzima, sikukuu ya Waingereza. Kila mlio Baba Kirit anashtuka, nami nashtuka kwa ajili yake.

Jumamosi, 7 Novemba

Kesho hekaluni, Neasden. Safari imepangwa tangu alipotoka hospitali. Anakwenda kumwombea Jamnu apone.

Kumwombea afya mtu aliyekwisha kuwa majivu. Namwogopa Mungu. Namwogopea mume wangu zaidi.

Nazi ya kuwatolea miungu kaichagua mwenyewe hapa mtaani kwetu, Tooting. Katikisa moja moja sikioni mpaka mwenye duka kanuna. Kanyoa ndevu. Anaimbaimba. Muda mrefu sijamwona hivi.

Alitaka kumpigia Jamnu amwambie. Kwa kawaida huzungumza Jumapili, lakini leo hawezi kungoja. Nikasema laini za Unguja mbovu. Kaniamini. Naona vibaya anavyoniamini.

Nimepanga hivi. Waingie waombe; hawana habari, hawana kosa. Mimi nitabaki garini, nisingizie magoti. Tukirudi nitamwambia Kirit, tutamwita daktari, ndipo tuseme. Najiona mwerevu.

Jumapili, 8 Novemba

Mvua. Kirit anaendesha, baba yake mbele, nazi mapajani. Foleni kila taa. Baba Kirit anasimulia Jamnu alivyokuwa akiiba sukari guru dukani kwa baba yao, akamsingizia paka. Anacheka mpaka anakohoa. Nami nyuma nacheka. Sijui nilicheka vipi.

Hekalu likatokea katikati ya nyumba za watu, jeupe, mawe yamechongwa kila mahali. Kirit kafungua mlango wa gari. Baba Kirit akitaka kushuka lazima ashike kwa mikono miwili. Akageuka, akaninyooshea nazi.

"Shika."

Nikaficha mikono ndani ya shali. Sikufikiri. Ilikwenda yenyewe.

Kirit akaniambia kwa Kiingereza niipokee basi, baba analowa. Baba Kirit aliitazama shali. Kwa umri wangu, hedhi imeshakatika, mwanamke ana sababu moja tu ya kuikimbia nazi ya miungu: sutaki.

"Jamnu?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Lini?"

"Jumatano."

Akaiweka nazi chini kwenye lami, taratibu. Hata yeye sasa haimpasi kuigusa. Watu wanapita na maua na watoto wao, wanatukwepa. Hatukuingia, hata mmoja. Nazi tuliiacha pale pale.

Moyo wa Baba Kirit haukupata kitu. Nilimficha bure.

Jumatano, 11 Novemba

Hasemi nami. Anakula ninachopika, basi.

Jana alizungumza na Kirit, mimi nasikia nikiwa jikoni. Hakusema kuwa nimemdanganya. Alisema siku zile zote alikuwa anacheka. Ndugu yake kachomwa, yeye ananyoa ndevu na kuchagua nazi. Anaona haya. Haya hiyo nimempa mimi. Nimelia kwenye sinki, maji nikiyafungulia.

Jumapili, 15 Novemba

Asubuhi Kirit kamnyoa baba yake kichwa, kama ada yetu ya msiba. Nywele nimefagia mimi. Mvi tupu.

Mchana, saa yake ya kuzungumza na Jamnu, akaenda kukaa kwenye kiti kando ya simu. Sikumuuliza. Ikalia. Akaitazama ikilia, kisha akaisukuma upande wangu. Mara ya kwanza kunisemesha tangu Neasden.

"Pokea wewe. Habari za ndugu yangu huja kwako."

Nikapokea. Bi Zuwena, anatoa pole. Akauliza mzee anaendeleaje, angependa kumsikia.

Nikasema amelala. Alikuwa mbele yangu, ananitazama.