Kwa Shomari, Beki Aliyechelewesha Mpira

Mtani wangu Shomari,

Shikamoo sikupi. Tulizaliwa mwaka mmoja, na hata ungenizidi kumi, Mzaramo haamkiwi na Mnyamwezi. Ndivyo tulivyokubaliana tangu tukiwa shule ya msingi pale Isevya, na kufa kwako hakujabadilisha kitu. Nimekaa kwenye benchi la nje ya mashine ya kusaga. Umeme umekatika, wateja wameziacha ndoo zao za mahindi kwenye foleni na kwenda zao, na mimi nikaona nikuandikie.

Arobaini yako imepita. Watu walijaa, pilau haikutosha, nawe ungechekelea hilo maana ulikuwa ukisema shughuli ambayo chakula kimebaki ni shughuli ya watu wasiopendwa. Nilikaa nyuma karibu na masufuria. Mama yako akapita, akaniona nimeinamisha kichwa, akasema, "Mpagazi, umekaa tu? Kachote maji." Nikaenda kuchota. Hujui nilivyofurahi. Tangu uondoke hakuna mtu aliyeniita mpagazi. Kwenye timu wananiita Maganga, tena kwa upole, kama wananiletea uji wodini.

Na uji nilikuletea wewe, pale hospitali ya Kitete. Ulikuwa umekonda, sauti imeshuka, na bado uliniuliza kama nimeubeba kichwani kutoka nyumbani. Ulipenda kusema kwamba babu zangu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa Tabora hadi pwani, na babu zako kazi yao ilikuwa kukaa barazani, kunywa kahawa na kuipokea mizigo hiyo. Mimi nikakujibu kwamba ndiyo maana hadi leo Wazaramo hamjui kukimbia. Muuguzi alikuja kutuuliza kama tunagombana.

Siku ya mazishi niliifanya kazi yangu ya mtani. Hukuiona, basi nikuhadithie. Kabla hujatolewa nje, nilisimama katikati ya ua, nikashika kiuno, nikaivuta kaptura juu kama ulivyokuwa ukifanya, nikanyoosha kidole kuwapanga masheikh kana kwamba ni mabeki. Halafu nikatembea ule mwendo wako wa mtu aliyetoka kula. Watu walicheka. Mama yako alijifunika mdomo kwa kanga, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Kabla sijaondoka nikazichukua njumu zako zilizokuwa dirishani, maana mtani akichukua kitu msibani haulizwi. Kaka yako aliniangalia tu. Nilipofika kwangu nikafunga mlango, nikalia hadi nikapata kwikwi.

Sasa timu, maana najua ndiyo unayoisubiri.

Mzee Haruna ameacha kufundisha. Alisema ni magoti, lakini alikuwa na magoti hayo hayo miaka yote. Amekuja Kocha Lameki. Si mtu mbaya, usianze kumtukana huko uliko. Anafika uwanjani kabla yetu na kuokota mawe kwa mikono yake. Ila mpira wake ni wa kubutua. Kipa akidaka, anapiga mbele. Beki akiupata, anapiga mbele. Kule mbele tuna yule mrefu, Kulwa, anaruka, na sisi viungo kazi yetu ni kukimbia chini ya mpira na kugombea unaodondoka. Kocha anasema uwanja wetu una mashimo na pasi fupi zitatuponza. Na kweli, mechi zake za mwanzo tulishinda, kwa hiyo siwezi kusema hajui anachokifanya.

Lakini mimi nilipotea, Shomari. Nilikuwa nakimbia mechi nzima macho yakiwa juu, kama mkulima anayesubiri mvua. Shingo iliniuma kuliko miguu. Mpira ukinifikia, unanifikia kifuani au kisogoni, na mtu yuko mgongoni tayari. Sigeuki, sitazami, natoa tu popote. Mimi ambaye watu walikuwa wakitoka Cheyo na Ng'ambo kuja kunitazama ninavyougeuza mpira katikati ya watu watatu, nikawa naomba kipenga kilie haraka nitoke. Mashabiki wakaanza kusema, "Maganga kaisha." Wengine wakawajibu, "Mwacheni, kafiwa na mwenzake." Haya ya pili yaliniuma zaidi kwa sababu na mimi nilikuwa nimeyaamini. Nilidhani huzuni imeniingia miguuni.

Basi kocha akaniita pembeni baada ya mazoezi. "Jumapili Igunga utaanzia benchi. Tukirudi tutazungumza." Unajua maana ya tutazungumza. Aliambiwa Hamisi hivyo hivyo, na Hamisi siku hizi anatutazama akiwa nje ya kamba pamoja na wauza karanga. Nilirudi nyumbani nikatembea taratibu. Sikuwa nawaza aibu. Nilikuwa nawaza kwamba mpira ndio kitu pekee kilichobaki tulichokuwa tukikifanya wawili, na kikiondoka hiki, nitakuwa nimekuzika tena, safari hii bila watu wa kunisaidia.

Nafasi yangu alipewa Elias. Humjui. Ni mtu wa Lusu, amekuja mjini kufanya kazi kwenye karakana ya vitanda, baba wa watoto wawili, mpole. Mazoezini tukicheza wachache nusu uwanja, pasi za chini kwa chini, Elias ni balaa. Anageuka kabla hujamfikia. Nilipomwona mara ya kwanza nilikuonea huruma kwamba hukumpata wewe.

Igunga ule uwanja uko karibu na barabara ya Mwanza, madereva wa malori huegesha kutazama, wengine wamekaa juu ya magunia ya mchele na soda mkononi. Njumu zangu zilikuwa zimefumuka soli wiki ile, kwa hiyo nilivaa zako na soksi jozi mbili. Usiulize. Nikakaa benchi, nikamwangalia Elias. Alikimbia kulia, akakimbia kushoto, mpira unapita juu ya kichwa chake kwenda na kurudi. Na nikaiona shingo yake. Alikuwa ametazama juu, kama mimi kabisa. Elias yule yule wa mazoezini, amekuwa mtu wa kawaida tu, anahema.

Nikajiambia, huyu hajafiwa na mtu. Mke wake mzima, watoto wake wazima. Basi ugonjwa wake na wangu ni mmoja, na hautoki msibani. Hakuna anayetupatia mpira. Halafu nikajiuliza, mimi nilikuwa nikipewa na nani? Shomari, niliona aibu nikiwa nimekaa pale. Miaka yote watu walikuwa wakiliita jina langu.

Kipindi cha pili hakijakolea, Musa, anayecheza nafasi yako, akateguka kifundo cha mguu. Kocha akageuka kututazama. Gari lililotuleta lilikuwa dogo, kwa hiyo benchi kulikuwa na kipa wa akiba, winga mmoja, na mimi. Nikasimama kabla hajasema. Nikamwambia naweza kucheza nyuma. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye njumu zako.

"Kwa urefu huo?"

Nikavua koti la mazoezi. Akasonya, akaniruhusu.

Nilipofika pale nyuma nikageuka kutazama mbele, na nilichokiona kilinishangaza. Uwanja wote uko mbele yako. Kumbe ulikuwa ukituona sote, migongo yetu, nani amechoka, nani amefichwa, nani anaomba mpira lakini hautaki. Kipa alitaka kubutua, nikamwonyesha kwa mkono anipe hapa mguuni. Akasita, akamtazama kocha, kisha akanipa. Nikausimamisha chini ya soli ya njumu yako. Elias alikuwa pale mbele na mtu wao amemganda. Kwa haraka yangu ya siku zote ningempa pale pale, apigwe kisiginoni. Sikumpa, kwa sababu nilikumbuka ulivyokuwa ukisimama.

Nilikutukana sana kwa hilo, unakumbuka? Mzaramo mvivu, Mzaramo anasubiri aletewe kahawa ndipo atoe pasi. Nilikuwa nimesimama pale katikati na mikono nimeinyoosha, wewe unautazama mpira kama mtu anayekadiria bei ya mbuzi. Kisha unautoa, unapaza sauti, "Mzigo huo, mpagazi," na mimi naupata nikiwa peke yangu, nageuka, watu wanapiga makofi. Nilidhani ninageuka vizuri kwa sababu mimi ni hodari.

Pale Igunga nikasubiri. Mshambuliaji wao akanijia. Nikasubiri tena. Yule aliyemganda Elias akaona mwenzake amechelewa, akamwacha Elias akaja kumsaidia kunikaba. Ndipo nikaelewa. Hukuwa ukichelewa. Ulikuwa unawavuta waje kwako, wakuumize wewe, ili mimi nibaki na nafasi. Zile ngwala zote kwenye muundi wako, yale makovu niliyokuwa nikiyacheka tukioga, ndiyo yaliyonifanya mimi niitwe fundi. Na hukuniambia hata siku moja. Uliacha nikuite mvivu hadi siku ya mwisho wodini.

Nikautoa mpira, chini kwa chini. Na mdomo wangu, bila kuutuma, ukasema, "Mzigo huo."

Elias akaupokea, akageuka. Hapakuwa na mtu. Aliutazama uwanja kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni, akamtupia winga, na madereva juu ya magunia wakasimama.

Sitakudanganya kwamba nilicheza kama wewe. Mara moja nilisubiri kupita kiasi, wakaninyang'anya, na kama si mwamba wa goli tungelala. Kocha alirusha kofia yake chini. Nilitaka kuanza kubutua nimalize salama, lakini Elias akarudi hadi karibu yangu, akasema taratibu, "Kaka, nipe tu." Nikaendelea kumpa. Tulitoka sare. Njumu zako zimeninyofoa ukucha wa kidole gumba, na bado nachechemea.

Kwenye gari kocha alikaa mbele. Tukapita Nzega. Tulipokaribia mjini ndipo akageuka. "Maganga, Jumamosi utaanza nyuma. Elias atakuwa mbele yako." Kisha akaongeza, "Lakini mpira ukikupotea vile tena, utarudi kwa miguu." Nikasema sawa kocha. Sijui kama ataiacha ile staili yake, na sitegemei. Kipa akimpa Kulwa, apewe. Ila mpira ukipita kwangu, sitaubutua, labda niwe nimezidiwa kabisa.

Asubuhi yake nilikwenda kwenu kumweleza mama yako. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na bakuli la mihogo. Nilimsimulia yote, hadi ya kusubiri na makovu. Alikuwa akichambua mchele. Mwishoni akasema, "Alikuwa akirudi hapa na miguu imevimba. Nikimuuliza nani kakupiga, anasema, mama, mwache mpagazi acheze." Kisha akazitazama njumu nilizokuwa nimezining'iniza begani. "Na wewe siku hizi umekuwa Mzaramo?" Nikamwambia ni kwa mkopo tu. Akacheka, Shomari. Alicheka vizuri, bila kujifunika mdomo.

Umeme umerudi. Nawasikia wateja wanakuja, na yule mama wa ndoo ya kijani ameshaanza kunitolea macho. Ngoja nikuage.

Nimekukumbuka sana. Nakukumbuka nikifunga kamba za viatu, nakukumbuka nikisikia mtu anakohoa barazani kwenu. Mungu akulaze mahali pa raha, pasipo na kukimbia, maana najua ndipo utakapopapenda. Nami nakuahidi hili: muundi wangu ni mzima bado, hauna kovu hata moja, na Elias ana miaka mingi ya kucheza mbele yangu. Nitasimama, nitasubiri, waje. Akiniita mvivu sitamwambia kitu.

Pumzika, mtani. Mzigo ninao mimi.

Mpagazi wako,
Maganga