Kumbukumbu ya Mzee Povu, Aliyegonga Matangi

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu asubuhi ile ulipokaa juu ya gunia la kimea ukasema unapumzika kidogo. Chai yako ilikuwa bado ya moto. Nilikuita mara mbili, nikidhani ni utani wako ule ule.

Watoto wamesema niandike mimi kwa niaba ya wote, ati kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo. Haya, nimekubali. Ila wao walitaka mazuri matupu, na mimi nina jambo langu la kukuambia mbele za watu.

Tuanze na mazuri. Uliacha kazi ya miaka kumi na tisa kwenye kiwanda kikubwa cha bia, ukarudi nyumbani na sufuria kubwa kuliko jiko letu. Nilikuuliza kama umerogwa. "Kule tunatengeneza bia ya kila mtu," ukasema. "Sasa nataka kutengeneza yangu." Pishi la kwanza la bia lilifura likarusha mfuniko, povu likapanda mpaka darini, na doa lake lipo hadi leo. Ndipo jirani yetu fundi cherehani alipokuita Mzee Povu, na jina likakuganda.

Mdogo wako akakuchomelea matangi manne kwa mikono yake. Binti yako alianza kujifunza kazi akiwa bado hajui kujisuka nywele. Mwanao wa kiume alibandika lebo zikakaa upande, nikasema zibanduliwe, ukakataa. "Ziache. Watajua zimebandikwa na mtu." Hukumfokea mtu kazini hata siku moja. Mama anayetuoshea chupa alipoangusha kreti nzima, ulimuuliza kama ameumia, kisha ukaenda mwenyewe kuchukua ufagio.

Na kila asubuhi, chai ikiisha, ulipita kwenye matangi ukiyagonga kwa pete ya ndoa. Ngo, ngo. Halafu unainamisha kichwa, unasikiliza. Mdogo wako alikucheka kwamba unapiga hodi kwenye bati. Ulimjibu kuwa tangi lenyewe husema limefika wapi.

Sasa jambo langu.

Kwenye friji ya jikoni ulikuwa na chupa yako pana ya chachu. Ile ile ya pishi la kwanza, uliyoitunza na kuilisha miaka yote, kwa sababu bila hiyo bia yetu ingekuwa bia tu kama nyingine. Mimi nilipenda kuiita hamira ili ukasirike. "Hamira ni ya mkate, Mama Watoto. Hii ni mali ya ukoo." Basi siku ya pili ya msiba wageni walijaa, wakaleta maziwa, friji haikuwa na nafasi. Nikaona tope la kijivu kwenye chupa. Sikufikiri chochote. Nililimwaga kwenye sinki, nikafungulia maji ya moto, nikaisugua chupa mpaka ikang'aa. Nilikuwa nimeshaijaza maziwa ndipo nikakumbuka nimeshika nini. Nikakaa chini pale pale jikoni.

Sikumwambia mtu. Binti yako alipoitafuta, nilisema labda ni wageni. Labda ni wageni! Nikawasingizia watu waliokuja kutufuta machozi.

Akanunua chachu ya dukani. Wateja walionja, wakasema nzuri, wakaacha glasi nusu. Akabadilisha maji, akapunguza moto, akapika upya, na upya tena. "Baba hakunifundisha yote," aliniambia, "au mimi mkono sina." Alikonda, masikini. Mwezi wa nane akasema heri afunge kiwanda kuliko kuwauzia watu kitu kisicho chako kwa jina lako. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nakunywa chai.

Na wewe ulikuwa unagonga. Tangi la tatu, tupu, kavu, halijatiwa kitu tangu uondoke. Kila asubuhi, chai ikiisha: ngo, ngo. Mdogo wako alisema ni bati tu, likipata jua hulia. Akaja siku moja kulisikiliza mwenyewe, akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Mama wa chupa akawa anaimba kwa sauti kila anapopita pale. Mimi nilijua unamgongea nani. Nilifika mahali pa kuogopa kumaliza chai yangu, nikawa naacha kidogo kikombeni. Uligonga vile vile.

Asubuhi moja nikashindwa. Binti yako alikuwa ameshaandika tangazo la kufunga, karatasi iko mezani, anatafuta gundi. Nikasema, "Ni mimi niliyeimwaga chachu. Wewe mkono unao." Alinitazama, akanitazama. Nilitamani anitukane. Akauliza tu, "Mama, ule mwiko wa Baba uliuchoma?"

Mwiko wako ule mweusi, uliokuwa unakorogea pishi na kukataza usiguswe na sabuni! Niliapa mara ngapi kwamba nitautia motoni? Kumbe mlinificha, wewe na bintiyo, mkauweka juu ya mlango wa stoo, ambako kwa kimo changu hiki nisingeuona mpaka kiama. Aliushusha umekauka, chachu imegandia kwenye nyufa zake. Akautumbukiza kwenye maji ya kimea yenye uvuguvugu. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu asubuhi aliniita kwa ukelele, nikaenda mbio na uzee wangu, na lilikuwepo. Povu.

Wateja wamerudi, Baba Watoto. Fundi cherehani alionja, akaweka glasi chini, akaomba leso. Binti yako amenisamehe, ameniambia kwa mdomo wake, ingawa hadi leo haniachii friji peke yangu.

Lakini tangu asubuhi ile niliposema, hujagonga tena. Nilidhani nitapumua. Badala yake nalia kuliko nilivyolia siku ya kukuzika, maana miezi yote ile ya hofu nilikuwa bado na wewe nyumbani. Jana nilimaliza chai yangu yote, nikaenda kwenye tangi la tatu. Sasa limejaa, linafanya kazi. Nikaligonga kwa pete yangu, mara mbili, nikainamisha kichwa kama wewe. Nilisikia bia tu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako, mpishi mkuu sasa. Mwanao, ambaye lebo zake bado zinakaa upande. Mdogo wako mchomeleaji. Na mama wa chupa, ambaye siku hizi anapita pale bila kuimba.

Hatutakusahau siku zetu zote. Ukipita karibu, gonga. Sitaogopa tena.