Fremu Tupu Sebuleni

Kwihara,
Tabora.

Dada yangu mpendwa Eustadia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Dionis na watoto. Mama je, goti lake linaendeleaje? Mpunga wa bondeni mmeshavuna, au mdogo wetu Recheli bado anashinda shambani akifukuza ndege? Mimi huku ni mzima kwa kiasi chake, nitakueleza.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu zipo. Yangu anayo Wilbroad. Alisema mwanga wa simu unaharibu uso wa bi harusi, akaichukua taratibu huku akinibusu vidole. Nikacheka. Wewe usingecheka, dada? Mwanamume anayeionea wivu hata simu!

Ndoa ni tamu jamani. Kila asubuhi, kabla hajaenda kununua asali, Wilbroad ananiletea uji kitandani. Anaupuliza mwenyewe mpaka upoe, ananiita malaika wake. Wasichana wangapi pale kwetu Puge wamepuliziwa uji?

Nyumba yao ni ya tangu enzi za misafara. Kuta zake ni nene, madirisha madogo, na hata saa sita mchana ndani kuna giza. Sebuleni zimetundikwa picha za wake wote walioolewa humu, bibi yake, wake za baba zake wadogo, mama mkwe, weupe wote utadhani ni mwanamke mmoja. Mwisho wa mstari kuna fremu tupu. Hiyo ni yangu.

Picha za kanisani mama mkwe alizikataa. Aliwaambia mashangazi kwamba mle anaona shela na meno tu, aliyevaa hamwoni. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka nisije nikalia. Kisha akanishika kidevu akasema nisijali, mwanangu, hata yeye aliingia hapa mweusi kama sufuria ya mama ntilie. Nitakaa ndani, nitatakata, ndipo ataitwa mpiga picha.

Mkorogo wa kunitakatisha anauchanganya mwenyewe, amejifunga kanga puani. Unanuka kama dawa ya chooni, na ukipakwa unawaka. Lakini uso ulipoanza kung'aa Wilbroad alikaa akinitazama mpaka chai yake ikapoa. Dada, sikuwahi kutazamwa hivyo. Nikawa namkumbusha mwenyewe ule mkorogo, mama mkwe akisahau.

Nyuma kuna chumba ambamo zamani zilihifadhiwa pembe za ndovu. Niliambiwa humo anaishi Magreth, binamu yake Wilbroad, mwenye ualbino, aliyefichwa tangu wale watu wabaya walipokuwa wakizunguka vijijini. Nisimtaje sokoni wala kanisani. Niliamini mara moja. Si unamkumbuka mtoto wa jirani yetu aliyepelekwa bweni kwa hofu hiyohiyo? Nililia, nikazidi kumpenda mume wangu kwa moyo wake.

Juzi mchana mama mkwe alikwenda jumuiya, nikapeleka chakula mimi. Chumba hakina dirisha, mwanga ni ule wa mlangoni tu. Magreth alikuwa kajifunika mashuka kwenye joto lile. Nikamwamkia, wifi shikamoo, nikanyoosha sahani. Akanyoosha mkono kuipokea. Vidole vyeupe kama muhogo uliomenywa, lakini vifundo vyake, dada, vyeusi tii. Na masikio meusi. Mwenye ualbino hana vifundo vyeusi. Nilipoinamisha macho nikaona mikono miwili imeshika sahani moja, na sikuweza kusema upi ni wangu.

Hakushtuka. Aliniuliza tu kwa upole kama bado napakwa wa kopo jeupe au nimeshafika jekundu, lile kali. Kisha akanieleza. Kwao ni Usinge, binti wa mfuga nyuki. Mahari ilitolewa, akaletwa hapa atakatishwe kabla ya ndoa ili picha zipendeze. Ngozi ikalegea, vidonda vikaja, jua likawa halivumiliki. Waliona aibu kumpeleka kanisani vile. Kwao wakaambiwa ametoroka na dereva wa lori kwenda Kigoma. Ile shela niliyovaa ilishonwa kwa kipimo chake. Unakumbuka ilivyonipwaya kifuani, ukanibania kwa pini?

Nilimuuliza kama Wilbroad anajua. Akacheka, dada, akashika midomo maana ikicheka inapasuka. Akasema uji wake huletwa na Wilbroad kila asubuhi. Anaupuliza upoe. Anamwita malaika.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Shavu langu limefunguka chini ya jicho na halifungi. Wilbroad aliliona, wala hakukasirika. Alibusu shavu la pili, akaniuliza Recheli anamaliza lini kidato cha nne. Anasema mdogo wangu aje anisaidie kazi, maana mimi jua silimudu tena, na Jumamosi atamfuata mwenyewe. Mama mkwe jana kafuta vumbi kioo cha ile fremu, na kuna chumba cha pili cha pembe wameanza kukifagia.

Usimtoe Recheli. Wilbroad atakuja na asali na maneno matamu, na mama atalainika. Mfiche hata kwa masista. Mimi bado nampenda mume wangu, dada, bado nikisikia hatua zake natengeneza nywele, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kidonda. Kwa hiyo msiningojee niamue. Njoo na kaka Vedasto, mpitie kwa mwenyekiti wa kijiji, mje mchana watu wakiwa barabarani.

Barua hii anaichukua Consolatha muuza maziwa, ataificha chini ya kanga. Msalimie mama, usimweleze yote kwa mara moja. Nibusie watoto. Mwambie Recheli kwamba hivyo alivyo ni mzuri, na umwambie mara nyingi, mimi hamkuniambia vya kutosha.

Mje na miavuli miwili, mikubwa. Siondoki humu peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Stela