Wahojiwa Wote Walisema Ndiyo

Jumamosi, mwezi wa saba. Huku Masasi jua na vumbi. Kule juu Newala asubuhi ilikuwa ukungu na baridi ya kukunja vidole. Mimi nina hasira tangu mchana na bado haijashuka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni bibi shamba, niko likizo ya masomo, nimepanga chumba Mkomaindo. Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu wakulima wa korosho wa Mkunya, kule Newala, na jinsi wanavyopulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho unga mweupe na kuyakausha. Mkunya nimefanya kazi miaka, na nimeolewa huko huko.

Nani alisema kuandika ni kukaa tu na kuandika? Ripoti za ofisini nilikuwa namaliza kabla chai haijapoa. Huku ni vita. Msimamizi wangu, Daktari, ni mpole wa sauti na katili wa kalamu. Sura ya pili aliirudisha nyekundu kama pilipili. Nikiandika kwamba korosho ni zao muhimu, pembeni: "Kwa hiyo?" Nikiandika kwamba wataalamu hawa wamesema hivi na wale vile: "Kwa hiyo? Wewe unasemaje?" Haya, nikisema mimi: "Ushahidi uko wapi?" Nilijifungia chooni nikalia, nikatoka, nikaandika upya.

Lakini nilijifunza jamani. Nilijifunza kutosema "imethibitika" pale panapotosha "inaelekea". Nilijifunza aya moja ibebe hoja moja, na hoja hiyo iishike mkono inayofuata. Wiki hii Daktari amerudisha sura ya nne, sura ya matokeo, haina wekundu hata kidogo. Chini ameandika: "Sasa unaandika. Andaa nakala ya mwisho, niletee Jumatatu." Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Matokeo yenyewe yalikuwa matamu. Wakulima wa Mkunya, kwa vinywa vyao, wanapulizia alfajiri, umande ukiwapo na upepo umetulia, kama nilivyowafundisha mimi.

Leo nikapanda Mkunya kumjulia hali mama mkwe, ambaye kifua kinamsumbua na baridi hii. Mchana jua limetoka, upepo unavuma wa kuondoka na kanga, nikasikia mashine inanguruma shamba la jirani. Nikatoka kuchungulia. Baba Somoe, mhojiwa wangu kabisa, anapulizia mikorosho yake, na salfa yote inakwenda kuwatibu wapita njia.

Nikamsubiri azime. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Nikamuuliza mbona mchana huu, wakati aliniambia ni alfajiri. Wala hakuona haya.

"Mama Agnes, mashine ni hii moja, tunapokezana. Leo imenifikia saa hizi. Nikiiacha ipite, nitaiona tena maua yameshakauka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na mtendaji wa kijiji, kakaa hapo anasikiliza. Na salfa tunagawiwa kwenye ofisi yake. Ulitaka niseme nini?"

Nikarudi ndani nimenuna. Mama mkwe naye nilimhoji, basi nikamuuliza kwa adabu kama na yeye alinijibu hivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mbele za watu niseme mke wa mwanangu katufundisha na hatufuati? Nikuaibishe? Tulikujibu vizuri wote, upate joho lako."

Tulikujibu vizuri.

Nimeteremka Masasi nasema peke yangu kama mwendawazimu. Nimemkasirikia Baba Somoe, nikamkasirikia mtendaji, nikamkasirikia Daktari aliyedai ushahidi kwa kila mstari na asiulize nani alikuwa amekaa pale nilipohoji. Kisha nikaishiwa watu wa kuwakasirikia. Mtendaji nilimwomba mwenyewe anisindikize, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Na kila waliposema ndiyo, mimi ndiye niliyetabasamu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sura ile ni nzuri. Kitu cha kwanza nilichojua kukiandika vizuri maishani mwangu si kweli.

Jumatatu naweza kuipeleka hivyo hivyo. Nani atajua? Mahafali ni mwisho wa mwaka, na mama mkwe ameshanunua kitenge cha siku hiyo. Nikisema ukweli, narudi Mkunya kuhoji upya, mlango kwa mlango, bila mtendaji, na joho linangoja mwaka mwingine. Kwa kile kifua nilichokisikia leo, mwaka mwingine si kitu cha kumwahidi yule mama.

Lakini nikinyamaza, siku moja afisa mmoja ataisoma tasnifu yangu na kusema watu wa Mkunya wanajua na wanafuata, tatizo hakuna. Mashine ya pili ya nini? Na Baba Somoe ataendelea kuwapulizia wapita njia, kwa ushahidi wangu mimi.

Jioni hii nimemwandikia Daktari. Nimeandika, nimefuta, nimezunguka na salamu na samahani, mwishowe nikayaacha haya tu: "Daktari, sura ya nne si ya kweli. Wakulima walinijibu kwa heshima, hawakunijibu wanachofanya. Tatizo ni mashine, na mimi sikuliona. Naomba kurudi kuhoji upya, hata kama mahafali ya mwaka huu yatanipita."

Nikatuma ujumbe kabla sijajishauri vinginevyo. Ameshausoma. Hajajibu.

Simu ikaita, nikaruka. Alikuwa mama mkwe, anauliza kama nimefika salama. Nikamwambia nimefika. Akakohoa.

"Na kile kitabu chako, mwanangu, kimeisha? Joho nitaliona mwaka huu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."